Kabla ya kuandaa kozi nyingine ya afya ya ujinsia: tunapimaje wahudumu wanahitaji mafunzo gani na utafiti gani?

Mpima Mahitaji (mtoa mada)

Wanajamvi, salaam kwenu.

Uzi huu nauleta kwa wote wanaogusa huduma za afya ya ujinsia: anayempokea mteja mlangoni, anayemsikiliza, anayemchunguza, anayesoma sampuli yake maabara, na yule ambaye bajeti ikikaribia anaambiwa aandike "mahitaji ya mafunzo na utafiti" ya idara nzima kwa haraka. Nimekaa kwenye kazi ya kupima mahitaji haya kwa muda mrefu na kuna jambo linaniuma, nalisema wazi.

Utaratibu tuliouzoea ni huu. Fomu inazungushwa, mtumishi anaulizwa angependa mafunzo gani, majibu yanahesabiwa, mada iliyotajwa na wengi inageuzwa kozi. Hapo mahitaji hayajapimwa. Yamekusanywa maombi. Mtu huomba kitu anachojua kwamba kipo na kwamba yeye hana. Ambaye hajawahi kufikiri kwamba mzee wa miaka 68 naye ana maisha ya kingono hataandika popote kwamba anahitaji kufundishwa jinsi ya kumuuliza.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2006 Davis na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA mapitio ya tafiti zilizolinganisha jinsi madaktari wanavyojipima wenyewe na jinsi wanavyoonekana wakipimwa na wengine. Katika ulinganisho 20, 13 haukuonyesha uhusiano wa maana kati ya hayo mawili, au ulionyesha uhusiano wa kinyume. Waliojikadiria vibaya zaidi walikuwa wenye ujuzi mdogo na wale waliojiamini kuliko wenzao. Sasa sisi mpango mzima wa mafunzo tunaujenga juu ya kujikadiria kwa watu.

Kwenye afya ya ujinsia hasara yake ni kubwa kuliko fani nyingi, kwa sababu maambukizi mengi ya zinaa hayana dalili. Usipouliza vizuri, hupati. WHO ilikadiria kwamba mwaka 2020 kulikuwa na maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne yanayotibika (klamidia, kisonono, kaswende na trikomoniasi) kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Ni zaidi ya milioni moja kila siku.

Na fani yenyewe haitulii. Mtu aliyehitimu mwaka 2010, akiwa hodari kabisa, hakufundishwa dawa kinga ya VVU (PrEP, anayotumia asiye na virusi ili asiambukizwe) kwa sababu haikuwepo kwenye miongozo. WHO ilipendekeza vidonge vya dawa hiyo kwa kila aliye kwenye hatari kubwa mwaka 2015, pete ya ukeni mwaka 2021, sindano ya kabotegraviri mwaka 2022, na lenakapaviri, sindano ya kila baada ya miezi sita, mwaka 2025. Hapo katikati, mwaka 2021, kipimo cha vinasaba vya HPV (virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi) kikawa ndicho kinachopendekezwa kwa uchunguzi wa awali wa saratani hiyo, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Mwaka 2022 mpox ikasambaa nchi nyingi kwa njia ya kugusana kingono, na katika nchi nyingi kliniki za magonjwa ya zinaa ndizo zilizojikuta mstari wa mbele, na wahudumu ambao wengi wao hawakuwahi kuona kidonda cha aina ile.

Hoja yangu ni moja. Upimaji wa mahitaji uanzie kwenye chumba cha huduma, kwa kuangalia kinachotokea kati ya mhudumu na mteja, na kila pengo linaloonekana liulizwe swali moja kabla halijaitwa "hitaji la mafunzo": mhudumu huyu angekuwa na dawa, kipimo, muda, na chumba chenye mlango unaofungwa, angeweza kuifanya kazi hii? Kama jibu ni ndiyo, kozi haitamsaidia. Karibuni.

---

Mkunga wa Zamu

Mkuu, umenigusa. Nimehudhuria mafunzo ya kuwafikia wenza wa wagonjwa wa magonjwa ya zinaa zaidi ya mara moja. Najua hatua zote. Naweza kukueleza faida na hasara za mgonjwa kumwambia mwenza mwenyewe, za kumpa kadi ampelekee, na za sisi kumpigia mwenza simu bila kumtaja mgonjwa. Nikirudi kazini hakuna kadi, hakuna simu ya kazi, na ninazungumza na mteja nyuma ya pazia huku mwenzake anayesubiri anasikia kila neno. Fomu ya mwaka uliofuata ikaja, nikaulizwa kama wenza wanafuatiliwa. Nikaandika hapana. Nikapelekwa kwenye mafunzo yaleyale.

Wanaonipangia hawajawahi kukaa dakika kumi kwenye chumba changu. Ukija na utaratibu wa kuangalia kwanza, mimi niko tayari kuangaliwa, ila mtu anayeangalia asiwe mkuu wangu anayeandika tathmini yangu ya kupandishwa cheo.

---

Meneja Programu

Nawasalimu. Naomba nipinge kidogo kwa heshima, mtoa mada. Kuangalia mashauriano chumba kwa chumba ni gharama na ni muda. Nina watumishi waliosambaa vituo vingi, wengine kituo kina mtu mmoja tu. Dodoso linawafikia wote kwa wiki. Na yapo madodoso yaliyothibitishwa, si kila fomu ni ya kubuni. Usitupe mtoto pamoja na maji ya kuogea.

---

Mpima Mahitaji

Meneja, nakubaliana nawe kwamba dodoso lina nafasi yake, na nashukuru umegusia yaliyothibitishwa. Linalojulikana zaidi ni la Hennessy na Hicks, ambalo WHO nayo imelitumia. Lina kazi 30. Kwa kila kazi mhudumu anajibu mara mbili kwa kipimo cha 1 hadi 7: kazi hii ina umuhimu gani katika nafasi yako, na unaifanya vizuri kiasi gani. Tofauti ya alama hizo mbili ndiyo inayoonyesha pengo. Kazi yenye umuhimu 7 na utendaji 3 inapiga kelele. Yenye umuhimu 2 na utendaji 2 haina haja ya kozi hata kama watu wanaitaja.

Sababu inayonifanya nilipende ni sehemu inayosahaulika: linauliza pia kama pengo lingezibwa vizuri zaidi kwa mafunzo au kwa kubadilisha mazingira ya kazi. Mkunga wa Zamu angepata mahali pa kuandika habari za pazia. Lina sehemu ya utafiti na ukaguzi wa huduma pia, kwa hiyo mahitaji ya mafunzo na ya utafiti yanapimwa kwa pamoja.

Lakini bado ni mtu anajipima. Ninachofanya ni kulitumia kama chujio la kwanza. Likishaonyesha pengo liko wapi, nachagua vituo vichache, vya aina tofauti (kikubwa, kidogo, chenye daktari, kisicho na daktari), na huko ndiko naenda kuangalia na kupitia mafaili. Mafaili yanasema mengi kwa gharama ndogo. Chukua majalada ya wateja waliotibiwa kaswende, angalia ni wangapi waliandikiwa kwamba wenza wao walizungumziwa, ni wangapi walipimwa VVU siku hiyohiyo, ni wajawazito wangapi walipewa benzathini penisilini badala ya dawa nyingine. Huhitaji kumsumbua mtu yeyote chumbani kupata hayo.

Kituo cha mtu mmoja, mpigie simu. Muulize: "Nisimulie mteja wa mwisho aliyekupa shida ya kujua cha kufanya." Usimuulize ana mahitaji gani. Simulizi ya mteja mmoja halisi hutoa mambo ambayo dodoso halikuyawaza.

---

Jicho la Maabara

Naomba kuuliza: katika hizo fomu zenu maabara tumo? Maana sisi tunaonekana mashine zikiharibika tu.

Nawapa mfano. Kisonono. Mwaka 2009 huko Kyoto, Japani, ilipatikana aina ya gonokokasi (kimelea cha kisonono) yenye usugu mkubwa dhidi ya seftriaksoni, dawa ambayo dunia nzima inaitegemea. Tangu hapo miongozo imekuwa ikibadilika. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, mwaka 2020 iliondoa azithromaisini kwenye tiba ya kawaida na kupandisha seftriaksoni kutoka miligramu 250 hadi 500. Mabadiliko kama hayo hutegemea takwimu za usugu, na takwimu za usugu hutegemea mtu wa maabara anayeweza kuotesha kile kimelea, ambacho ni dhaifu mno nje ya mwili: kinataka hewa yenye kabonidayoksaidi, kinataka chakula chake maalumu, kikichelewa njiani kinakufa.

Vipimo vya molekuli vimerahisisha sana kugundua ugonjwa, na nashukuru kwa hilo. Lakini kadiri vinavyosambaa ndivyo ujuzi wa kuotesha unavyopotea, na kipimo cha molekuli cha kawaida hakikuambii dawa gani itafanya kazi. Kizazi kinachoingia maabara sasa wengi wao hawajawahi kuotesha gonokokasi kwa mikono yao. Hilo ni hitaji la mafunzo na ni hitaji la utafiti kwa wakati mmoja, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Jambo la pili. Sampuli nyingi mbovu huharibikia chumba cha huduma kabla hazijafika kwangu. Mwangalizi akiwa ndani ya chumba aangalie na pamba inavyozungushwa.

---

Mpima Mahitaji

Jicho, asante. Umenipa kitu ambacho nakiongeza kwenye orodha hakiki yangu leo. Na swali lako linafungua jambo pana: nani ni "mhudumu wa afya ya ujinsia"?

Tukihesabu wenye cheo hicho peke yao tunapoteza sehemu kubwa ya kazi. Mhudumu wa mapokezi anayeuliza kwa sauti "umekuja kwa tatizo gani?" anaamua kama kijana atarudi. Mfamasia anakutana na watu ambao kliniki haitawaona kamwe. Mhudumu ngazi ya jamii, mwalimu rika, mnasihi, muuguzi wa wajawazito, daktari wa wagonjwa wa nje anayeona usaha kwenye njia ya mkojo katikati ya wagonjwa wa malaria. Upimaji ukiwaacha hawa, matokeo yake ni picha ya madaktari na wauguzi wa kliniki moja maalumu, na kozi zinazotoka humo zinawafaa hao tu. WHO mwaka 2011 ilitoa waraka wa umahiri wa msingi katika afya ya ujinsia na uzazi kwa huduma za ngazi ya msingi, na wazo lake lilikuwa kwamba umahiri ugawanywe ndani ya timu nzima, asiwe mtu mmoja anayetakiwa kujua yote. Kwa hiyo pengo lipimwe kwa timu: je, kuna mtu yeyote katika kituo hiki anayeweza kazi hii, na wenzake wanajua ni nani?

---

Sauti ya Ushauri

Mimi ni mnasihi. Nimesoma yote hapo juu, naona tunazungumzia vipimo, dawa, kadi. Mbona hakuna aliyesema neno kuhusu aibu?

Mhudumu anaweza kujua kila kitu kuhusu dawa kinga ya VVU na asimpe binti wa miaka 19 kwa sababu moyoni anaona anamfungulia mlango. Anaweza kujua klamidia inakaa pia kooni na kwenye njia ya haja kubwa, na asichukue sampuli huko kwa sababu hawezi kutamka swali linalomfikisha huko. Dodoso la ujuzi atafaulu kwa alama zote. Hitaji lake hamtalipata.

Tatizo hili ni la zamani. WHO iliitisha mkutano Geneva mwaka 1974 na ripoti yake ya 1975 ilihusu hasa mafunzo ya wahudumu wa afya kuhusu ujinsia wa binadamu, na tayari wakati huo suala la mitazamo ya wahudumu wenyewe lilikuwa mezani. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Jack Annon akatoa ngazi zake nne za kumsaidia mtu mwenye shida ya kingono: kumpa ruhusa ya kuongea, kumpa taarifa chache, kumpa mapendekezo mahususi, na kumpeleka kwenye tiba ya kina. Wengi tunadhani tunahitaji kufundishwa ngazi ya nne. Katika uzoefu wangu watu wanakwama ngazi ya kwanza kabisa, ya ruhusa. Hawajampa mteja nafasi ya kusema, basi hizo nyingine hazitumiki.

Ninavyopima mimi: nawapa wahudumu kisa kilichoandikwa, mteja wa aina fulani, halafu nawaomba waseme kwa sauti maneno ambayo wangeyatamka. Wasieleze wangefanya nini. Watamke. Hapo ndipo unasikia mtu anasema "je, wewe na... ile... mnafanya..." na sauti inapotea. Hilo ndilo pengo, limejitokeza lenyewe.

---

Mkunga wa Zamu

Dada Sauti, hili la kutamka ni kweli tupu. Na mara nyingi shida si aibu ya mhudumu peke yake. Maneno ya kitabu mteja hayaelewi, maneno ya mtaani mhudumu anaona ni matusi. Mtu anabaki na "huko chini". Huwezi kujua mteja anaumwa sehemu gani kwa "huko chini".

---

Mteja Pia

Habari zenu. Mimi si mtaalamu, ni mtu niliyewahi kutumia huduma hizi na nitazitumia tena. Nimesoma kimya mpaka hapa. Kwenye upimaji wenu wote huu, sisi tunaulizwa lini? Ninyi mnajiuliza ninyi kwa ninyi mnahitaji kujifunza nini. Mimi ningewaambia bila fomu. Nilipoeleza historia yangu mhudumu alisimamisha kalamu, akanitazama, akaendelea. Hakusema kitu. Sikurudi pale.

---

Mpima Mahitaji

Mteja Pia, pole kwa yaliyokukuta, na asante kwa kuandika. Upo sahihi na hili lilipaswa kuwa kwenye bandiko la kwanza.

Njia zipo. Ya kwanza ni kuwauliza wateja wanaotoka, kwa maswali ya mambo yaliyotokea ("uliulizwa kama mwenza wako ni mwanaume au mwanamke?", "ulielezwa madhara ya dawa?") kuliko "umeridhika kiasi gani?". Swali la kuridhika linapata majibu mazuri karibu kila mahali, hasa mtu akijua atahitaji kurudi. Ya pili ni mteja wa kuigiza: mtu aliyefundishwa kisa anaingia kama mteja wa kawaida kisha anajaza orodha hakiki akitoka. Inatoa picha halisi kuliko njia zote ninazozijua. Lakini ina masharti mazito. Wahudumu waelezwe mapema na waridhie kwamba katika kipindi fulani wanaweza kupata mteja wa namna hiyo, bila kuambiwa siku. Mteja wa kuigiza asichomwe sindano wala kufanyiwa uchunguzi wa ndani usiohitajika. Na matokeo yasitumike kumwadhibu mtu. Sharti mojawapo likivunjwa, kituo kizima hakitakuamini tena, na kitakuwa na haki.

Ya tatu ni kuwaweka wateja mezani tangu kuchagua maswali. James Lind Alliance, iliyoanza Uingereza mwaka 2004, imejenga utaratibu wake wote juu ya hilo: wagonjwa, wanaowatunza na wahudumu wanakusanya maswali ambayo hayajajibiwa na utafiti, yanahakikiwa kama kweli hayajajibiwa, kisha wote kwa pamoja wanakubaliana kumi ya kwanza. Mara nyingi orodha inayotoka haifanani na vipaumbele vya watafiti. Wagonjwa huuliza habari za maisha ya kila siku na ahueni, wakati watafiti wengi wanashughulika na dawa.

---

Tabibu Mkongwe

Nimefika kwa kuchelewa. Kuhusu mafunzo tumeelewana. Kuhusu utafiti, niwe mkweli: kwa nini mhudumu wa zamu apimwe mahitaji ya utafiti? Utafiti una wenyewe, wako vyuoni. Sisi tuna foleni.

---

Mpima Mahitaji

Mzee wangu, shikamoo. Naomba nikujibu kwa kirefu kwa sababu swali hili ndilo linalofanya nusu ya pili ya upimaji iachwe wazi kwenye kila ripoti.

Tukisema "mahitaji ya utafiti" tunachanganya vitu viwili. Kimoja ni maswali: kitu gani hatukijui ambacho kinatukwamisha kazini? Kingine ni uwezo: nani kati yetu anaweza kulibadilisha swali hilo kuwa kitu cha kuchunguzwa, na anakosa nini? Maswali yenye thamani zaidi yako kwenye foleni yako. Chuo kitauliza dawa gani ina nguvu. Wewe utauliza kwa nini wanaume waliopewa majibu ya kaswende hawarudi kwa sindano ya pili na ya tatu, kwa sababu wewe ndiye unayeona jina lisilorudi kwenye rejesta.

Mfano mkubwa upo. Mwanza, Tanzania, miaka ya mwanzo ya 1990. Katika jamii 12, nusu zilipata huduma iliyoboreshwa ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya kawaida: wahudumu walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa, wasimamizi wakawa wanatembelea mara kwa mara, na wananchi wakaelimishwa wawahi kituoni. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1995: maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Majaribio ya baadaye kwingineko, yaliyotumia mbinu nyingine, hayakupata matokeo hayo, na mjadala wa sababu uliendelea miaka mingi. Ninachotaka uone ni kwamba huduma iliyochunguzwa ilitolewa ndani ya vituo vya kawaida, kwa mikono ya wahudumu wa kawaida, na kwamba mafunzo hayakwenda peke yake hata siku moja. Yaliambatana na dawa na usimamizi.

Na upande wa giza upo, nao ni sababu nyingine ya kila mhudumu kuujua utafiti. Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972: wanaume weusi takriban 400 wenye kaswende waliachwa bila tiba ili waangaliwe, hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida katika miaka ya 1940. Wahudumu wa afya walishiriki kwa miaka yote hiyo. Fani yetu ina historia hiyo. Mhudumu anayeombwa amshawishi mteja aingie kwenye utafiti anapaswa kujua ridhaa ni nini, kamati ya maadili inafanya nini, na ana haki ya kuuliza maswali gani yeye mwenyewe. Hilo liwemo kwenye upimaji hata kama mtu hataki kuandika makala maisha yake yote.

Kuhusu foleni: hapo ndipo jibu la kweli lilipo. Ninapowauliza wahudumu wanakosa nini ili wafanye hata uchunguzi mdogo, wachache sana hutaja takwimu au programu za kompyuta. Wanataja saa. Hakuna aliyewapangia saa. Ripoti ikiandika "mafunzo ya mbinu za utafiti" imekosea dawa, maana kinachotakiwa ni nusu siku kwenye ratiba na mtu wa kumuuliza akikwama.

---

Tabibu Mkongwe

Marahaba. Suala la jina lisilorudi kwenye rejesta limenifikia. Ninazo rejesta za miaka. Sikuwahi kuziona kama swali la utafiti.

---

Mtakwimu Msaidizi

Naongezea mambo mafupi ya kiufundi kwa wanaotaka kuanza.

Timu ikiwa ndogo, usiri wa dodoso ni jina tu. Ukiuliza kada, umri na kituo, na kituo kina mkunga mmoja, umeshajua nani kajibu. Ondoa maswali hayo au unganisha makundi. Watu wakijua watatambulika watajipa alama 7 kila mahali.

Angalia ambao hawakujibu. Wakijibu wengi wa kliniki maalumu na wachache wa vituo vya pembeni, usitoe wastani wa wote ukaita "mahitaji ya wahudumu". Toa kwa kundi.

Usitegemee wastani peke yake hata ndani ya kundi. Kama nusu wana alama 7 na nusu wana 1, wastani ni 4 na unaonekana wa kawaida, wakati kumbe nusu ya kituo hawawezi kazi hiyo kabisa.

Mkitaka wataalamu wakubaliane vipaumbele bila mkubwa kuwanyamazisha wadogo, tumieni mbinu ya Delphi, ile iliyoanzia kwenye taasisi ya utafiti ya RAND huko Marekani miaka ya 1950. Raundi ya kwanza kila mtu anajibu peke yake bila jina, mnarudisha majibu ya kundi, kila mtu anaruhusiwa kubadili. Raundi mbili au tatu zinatosha.

---

Meneja Programu

Nimebadili msimamo kwa sehemu. Swali langu la mwisho ni la mwenye mfuko: nikishapima na kufundisha, nitajuaje imesaidia? Wafadhili wanataka idadi ya waliofundishwa.

---

Mpima Mahitaji

Idadi ya waliofundishwa inaonyesha viti vilijaa. Kirkpatrick, mtaalamu wa tathmini ya mafunzo, alitenganisha ngazi nne tangu 1959: washiriki waliyapokeaje mafunzo, walijifunza nini, walibadili nini kazini, na matokeo kwa wanaohudumiwa yalikuwa yapi. Programu nyingi hupima ya kwanza na nusu ya ya pili. Ukipima pengo kwa njia tuliyojadili, kipimo cha ngazi ya tatu tayari unacho mkononi: rudia kupitia majalada yaleyale na orodha hakiki ileile miezi kadhaa baadaye.

Upunguze pia matarajio kwa kozi zenyewe. Mapitio makubwa ya mwaka 2018 katika The Lancet Global Health, yaliyohusu nchi za kipato cha chini na cha kati, yalionyesha kwamba kuwapa wahudumu maandishi tu karibu hakubadili kitu. Mafunzo peke yake yaliinua utendaji kwa takriban pointi 10 za asilimia. Yakiunganishwa na usimamizi, yalifika kama 18. Na mapitio ya Cochrane (mtandao unaokusanya na kuchambua tafiti za afya) ya mwaka 2012, yaliyojumuisha tafiti 140 za kukagua huduma na kumrudishia mhudumu matokeo yake, yalipata ongezeko la kati (median) la pointi 4.3 za asilimia, likiwa kubwa zaidi pale matokeo yanapotolewa na msimamizi au mwenzake, zaidi ya mara moja, kwa mdomo na kwa maandishi, pamoja na lengo na mpango wa kulifikia. Waonyeshe wafadhili hizo. Mtu mwenye fedha akiona kwamba kozi iliyoambatana na usimamizi inazaa karibu mara mbili ya kozi peke yake, mazungumzo yanabadilika.

---

Sauti ya Ushauri

Na matokeo ya upimaji yarudishwe kwa waliopimwa. Nimejaza fomu nyingi maishani. Ripoti iliyorudi kwangu sikumbuki hata moja.

---

Mkunga wa Zamu

Mtoa mada, ukija kwetu kuangalia, tungeanza na nini? Naomba kitu ninachoweza kumpelekea mganga mfawidhi kesho, kifupi, asione ni mzigo.

---

Mpima Mahitaji

Dada Mkunga, mpelekee hivi. Majalada ya wateja wa magonjwa ya zinaa wa robo mwaka iliyopita, yapitiwe na watu wawili wa kituo chenu, wakitafuta mambo matano tu: historia ya ngono iliandikwa, kipimo cha VVU kilitolewa, tiba ililingana na mwongozo uliopo sasa, mwenza alizungumziwa, mteja alirudi. Kila "hapana" iandikwe sababu pembeni: hatukujua, hatukuweza, au hatukuwa na kitu cha kufanyia. Kisha kikao kimoja cha timu nzima pamoja na mapokezi na maabara, na wateja wawili watatu wakikubali kuja. Pazia lako litaingia kwenye safu ya tatu. Likiwa limeandikwa humo na kuhesabiwa, haliwezi tena kuitwa hitaji la mafunzo.

Nitaweka orodha hakiki kamili hapa nikimaliza kuongeza vipengele vya Jicho la Maabara kuhusu sampuli. Mwenye marekebisho ya maswali ya wateja wanaotoka ayaweke hapa, hasa wewe Mteja Pia.

---

Mteja Pia

Nitaweka. La kwanza ni hili: "Kuna jambo ulitaka kuuliza ukashindwa?" Na muwaache wajibu bila kuwapa visanduku vya kuweka tiki.